Matundu Sita ya Sekela

Lugano alikuwa msichana wa miaka saba. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Nyuma ya nyumba yao palijaa vyungu, vyungu, vyungu!

Siku moja mwalimu wa Lugano alikuja. "Mama Lugano, tufinyangie ubongo. Watoto waone kichwani kuna nini."

Mama akacheka. "Vyungu nimefinyanga vingi, mwalimu. Ubongo ndio kwanza!"

Ubongo una pande mbili, basi Mama akawagawia wanawe. Lugano akafinyanga upande wa kulia. Sekela, mdogo wake, akafinyanga wa kushoto.

Wakaviringisha udongo kama minyoo minene. Wakaukunja. Kunja, kunja, kunja!

"Sasa toboeni matundu sita sita, udongo ungali mbichi," Mama akasema. "Nyuzi zitapita humo. Pande mbili zipate kuongea."

Pu, pu, pu! Wakatoboa kwa kijiti.

Mama akainama. "Lo! Sekela, mikunjo yako imependeza!"

Lugano akangoja. Mama akaenda kusonga ugali.

Bwi, bwi, bwi. Wivu ukachemka kifuani mwa Lugano.

Jioni Baba akarudi. "Huu wa kushoto ni wa nani? Wa Sekela? Hongera, fundi mdogo!"

Lugano akangoja. Baba akaenda kuoga.

Bwi, bwi, bwi. Wivu ukachemka zaidi.

Asubuhi Lugano akatoka peke yake. Akachukua udongo kidogo. Akaziba tundu moja la Sekela. Akaziba la pili. Akaziba yote sita, akayalainisha kwa kidole chenye maji.

Kifua kikatulia. Kidogo tu.

Udongo ukakauka. Mama akaufunika kwa nyasi, akawasha moto. Fuuu!

Ubongo ukatoka mwekundu na mgumu. Mama akaleta nyuzi za sufu.

Lugano akapitisha uzi wa njano kwenye upande wake. Swii! Uzi ukafika kwa Sekela. Ukagota.

Uzi wa bluu ukagota. Wa kijani ukagota. Nyuzi zote sita zikaning'inia.

"Dada, matundu yangu yako wapi?" Sekela akauliza. Machozi yakamlengalenga. "Nilitoboa, Mama. Kweli nilitoboa!"

Lugano akautazama upande wake. Ulikuwa mzuri. Lakini nyuzi zake hazikuwa na pa kwenda.

"Niliziba mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Mlimsifu Sekela. Mimi nikangoja, nikangoja."

Mama akaketi chini. Hakugomba.

"Nilimsifu mdogo, nikamsahau mkubwa. Pole, mwanangu." Kisha akampa msumari na bakuli la maji. "Lakini matundu ni ya Sekela. Yatoboe upya. Polepole, usije ukapasua upande wake."

Kere, kere, kere. Tundu la kwanza lilikuwa gumu. Kidole kikauma.

Kere, kere, kere. La pili likawa gumu kidogo.

Kere, kere. La sita likatoboka upesi.

"Mama, mbona la sita ni rahisi?"

"Mkono umezoea. Mwalimu anasema hata ubongo uko hivyo. Ukirudia jambo, njia yake inalainika."

"Hata wivu?"

"Hata wivu," Mama akasema. "Na hata kusema kweli."

Lugano akapitisha uzi wa njano. Swii!

"Umefika kwangu!" Sekela akapiga kelele. "Lete mwingine, dada! Lete mwingine!"

Swii, swii, swii! Nyuzi zote sita zikavuka.

Usiku wakalala kitanda kimoja. Shuka ikanukia moshi wa nyasi.

"Dada," Sekela akanong'ona. "Upande wangu ni mzuri?"

Bwi. Moja tu.

"Mzuri," Lugano akasema. Neno likatoka kwa shida.

"Mzuri sana," akasema tena. Hilo likatoka kwa urahisi.

"Na wako pia," Sekela akasema, akapiga miayo.

Kifuani mwa Lugano mkawa kimya. Kimya kabisa. Akalala.