Virusi Katika Foleni ya Mpemba

"Korongo, mzigo uko kwenye Scania nyeupe. Usikubali uvuke mpaka!"

"Nimekupata, Kituo."

Sekela aliirudisha simu ya upepo kiunoni, akaichapa gia pikipiki yake ya Boxer. Ilikuwa saa nne asubuhi. Foleni ya malori ya kwenda Tunduma ilikuwa imeanzia Mpemba, naye alipenya katikati yake, vumbi usoni, bastola ya Beretta ubavuni.

Ndani ya lori lile kulikuwa na sanduku la baridi. Ndani ya sanduku, chupa kumi na mbili za virusi vinavyokula bakteria.

Watafiti walikuwa wamevisaka miezi minane kwenye maji machafu, mpaka wakapata aina inayoua bakteria wanaoung'ang'ania uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana na kuukinga usidhurike na dawa. Wagonjwa kumi na wanne walikuwa wakivisubiri. Mwizi alikuwa amemwaga akiba yote iliyobaki. Huko Nakonde, upande wa Zambia, tajiri mmoja mgeni alitaka viwe vyake peke yake.

Lakini kilichomchoma Sekela hakikuwa hicho.

Kilikuwa Jenista.

Siku nne nyuma, Sekela, akijifanya polisi wa kawaida, alimtia pingu mtaalamu huyo wa maabara mbele ya wagonjwa wake. Alimwita mwizi kwa sauti. Mama mmoja alimtemea Jenista mate. Ushahidi wote ulitoka kwa Jofrey, dereva wa maabara na mtoa habari wa Sekela kwa miaka sita. Jofrey alipotoweka alfajiri hiyo, Jenista aliachiwa.

Na sasa Jofrey ndiye aliyeruka kutoka kwenye Scania, sanduku mkononi.

Alikimbia kuelekea njia ya panya ya kuvukia mpaka. Sekela aliitupa pikipiki, akamfuata kwa miguu, akambana kati ya matela mawili.

"Ukisogea nalibamiza chini!" Jofrey alilinyanyua sanduku juu ya kichwa. "Tukose wote, dada!"

Sekela alinong'ona kwenye kipaza sauti cha kolani. "Kituo, niunganishieni Jenista."

"Jenista yule?"

"Huyo huyo."

Sekunde zilipita. Kisha sauti tulivu ikaingia sikioni. "Nakusikiliza, afande."

"Sanduku likipigwa chini, chupa zitavunjika?"

"Kifuniko kimefungwa?"

"Kimefungwa."

"Hazivunjiki. Ndani kuna sponji. Au na hilo huniamini?"

Sekela alipima umbali kwa macho.

Aliruka.

Teke lilimpata Jofrey gotini. Sanduku lilidunda kwenye lami, likabingirika, likatulia. Likiwa limefungwa.

"Umenifanya nimdhalilishe mtu," Sekela alisema, akimfunga pingu.

Jofrey alicheka, shavu likiwa kwenye lami. "Mimi nilisema tu. Hukumuuliza hata swali moja."

Maneno hayo yalimwingia kuliko risasi.

Simu ya upepo ilikoroma. "Korongo, wenzetu wa Nakonde wamemnasa mgeni. Kazi imekwisha. Kabidhi mzigo uondoke. Usijitambulishe kwa mtu."

Adhuhuri, Sekela aliingia kwenye kituo cha utafiti. Wagonjwa walikuwa kwenye mabenchi yao. Jenista alipokea sanduku bila kumtazama, akasoma kipimajoto.

"Nyuzi sita. Vitakuwa vizima."

Sekela alizima simu ya upepo. Aliwageukia wagonjwa.

"Naitwa Sekela. Mimi ni ofisa wa usalama. Dada huyu hakuiba kitu. Mwizi alikuwa mtu wangu, nami nilimwonea dada huyu mbele yenu." Alimgeukia mwenyewe. "Nisamehe, Jenista."

Kwa maneno hayo, kazi yake ya siri mkoani Songwe ilikuwa imekufa. Alilijua hilo.

Jenista alilifungua sanduku, akaanza kuzihesabu chupa. Yule mama aliyetema mate aliinamisha uso. Mzee mmoja wa Ileje aliuliza, "Tutaanza lini kunywa dawa hiyo, mwanangu?"

"Kesho kutwa, nikishavipima."

"Ndaga," mzee alishukuru. Hakumshukuru Sekela.

Hakuna aliyemuaga. Alitoka taratibu, mgongo wima. Mawingu yalikuwa yametanda, lakini alivaa miwani ya jua kabla hajafika getini.