Sikio la Madamu kwenye Tuta la Viazi

Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024. Runzewe kulikucha na manyunyu na ukungu mwepesi. Barabara ilikuwa tope tupu.

Ndaki alikuwa anakunywa uji aliposikia mke wake, Limi, akipiga yowe bandani.

"Baba Juliana! Njoo uone! Madamu amekatwa sikio!"

Ndaki hakukimbia. Mtu hukimbilia asilolijua, na hili yeye alilijua.

Madamu alikuwa nguruwe jike wa Limi. Walimwita jina hilo kwa sababu alitembea kama mwalimu mkuu anayekagua madarasa. Alizaa watoto wengi, wala hakuwahi kumlalia hata mmoja. Sare na viatu vya binti yao Juliana vilitoka kwake. Lakini sasa Madamu alikuwa anazeeka, na Ndaki alikuwa na wasiwasi. Akifa huyu, watampata wapi mwingine kama yeye?

Jumapili redio ilimpa jibu. Mtangazaji alisema kwamba ng'ambo watafiti huchukua kipande kidogo cha ngozi ya sikio la nguruwe, na kutokana nacho hupata nguruwe mwingine anayefanana naye kabisa. Humtumia kuchunguza magonjwa ya binadamu. Hapo betri zikaisha. Ndaki hakuona shida. Yaliyobaki aliyamalizia mwenyewe.

Yeye alikuwa mkulima wa viazi vitamu. Ukikata rando, yaani shina changa la kiazi, ukalipanda kwenye tuta, unapata viazi vilevile. Kukata masikio nako alikujua tangu utotoni, maana ng'ombe wa baba yake walitiwa alama kwa kukatwa sikio. Basi Jumanne mchana, Limi akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Ndaki alikata kipande cha sikio la Madamu. Akakipanda kwenye tuta, akapiga magoti.

"Bwana, ulimtoa Hawa kwenye ubavu mmoja tu," aliomba. "Sikio nalo si haba. Wala siombi mke wa pili. Naomba nguruwe tu."

Jioni ile Ndaki alimlisha Madamu mwenyewe, Limi asione. Sasa Limi alikuwa bandani anafuta damu. Martina, muuza mboga, alichungulia juu ya uzio, akatoa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, Mama Juliana."

"Mwangaluka. Hebu tazama nilivyofanyiwa!"

Martina alishika kiuno. "Mimi sitaki maneno. Lakini jana mnyama huyu alipopiga kelele, nilimwona Maulidi hapa hapa kwenye uzio. Ana kisu. Kisu kina damu."

"Maulidi wa mishkaki?"

"Nimesema sitaki maneno," alisema Martina, kisha akaenda kuyapeleka sokoni.

"Tusimhukumu mtu, mama," Ndaki alisema taratibu.

"Basi nani amekata? Panya?"

"Panya wa siku hizi ni wakubwa."

Limi alimtazama, akatikisa kichwa.

Maulidi alikuwa jirani yao wa miaka mingi, Mwislamu mcheshi aliyechoma mishkaki karibu na stendi. Kufika mchana, stendi nzima ilikuwa inasema kwamba kisu kilichokata nguruwe ndicho kinachokata nyama ya mishkaki. Nani angekula? Wateja wake Waislamu waliondoka kwanza. Wakristo wakafuata, maana hakuna aliyetaka kuonekana amekula kilichokataliwa na wenzake.

Kesho yake jioni Maulidi alikuja hadi kwenye uzio.

"Mama Juliana, mimi nimguse nguruwe? Mimi akipita huku, nahamia ng'ambo ya barabara! Nilikuwa nakata nyama ya ng'ombe nyumbani. Nikasikia mayowe, nikajua umevamiwa. Nikaja mbio na kisu mkononi, sikuona mtu, nikarudi."

"Yaani sauti ile ulidhani ni yangu?"

Maulidi aliona amekanyaga pabaya. "Kwa mbali, shemeji. Kwa mbali tu."

"Hm!"

"Jana na leo nimechoma nyama, nikala mimi na mke wangu Zuhura mpaka tumechoka kutafuna. Jiko likizima, watoto wangu watakula nini?"

Ndaki alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alisikia kila neno, na hakutoka. Kabla ya kulala alipiga magoti kusali Baba Yetu. Alifika kwenye "utusamehe", akashindwa kuendelea.

Ijumaa asubuhi Madamu alikataa pumba. Sikio lilikuwa limevimba, na nzi walilizunguka. Limi alimpigia simu Bi Mageni, afisa mifugo wa kata. Bi Mageni alifika kwa pikipiki, mabuti miguuni. Maulidi naye alisogea kwenye uzio asikie.

Bi Mageni alivaa glovu, akalichunguza sikio.

"Mchoma mishkaki hakati hivi," alisema. "Huu ni mkato wa pembetatu. Ni alama ya ng'ombe. Aliyefanya hivi ni mtu wa zizini."

Ndaki alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Madamu mwenyewe alimgeukia Ndaki.

"Ni mimi," alisema Ndaki.

Limi alikaa juu ya ndoo. "Wewe? Na kipande kiko wapi?"

"Nimekipanda."

"Umekipanda?"

"Kwenye tuta la viazi. Nilitaka nipate Madamu mwingine. Walisema redioni."

"Umekimwagilia?" aliuliza Bi Mageni.

"Asubuhi na jioni."

Maulidi alishika uzio kwa mikono miwili, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akaacha kucheka ghafla. Alikumbuka jiko lake.

Bi Mageni aliosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Akapaka dawa ya kuua vijidudu na kufukuza nzi, akamchoma Madamu sindano. Huku akifanya kazi, alieleza.

"Hukukosea kote, Baba Juliana. Rando la kiazi ni nakala ya mama yake kweli. Lakini mnyama si rando. Ngozi ukiifukia, inaoza."

"Wenzetu wanafanyaje?"

"Ngozi ina seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna kiini, na kiini kimebeba maelekezo ya kumjenga nguruwe yule. Watafiti huchukua yai la nguruwe jike mwingine na kuondoa kiini chake. Mahali pake huweka kile cha seli ya ngozi. Hulishtua yai kwa umeme kidogo ili lianze kukua. Kisha hulipandikiza kwenye tumbo la nguruwe jike, naye hubeba mimba na kuzaa. Na hata huko maabara, mara nyingi inashindikana."

"Jasho lote hilo kwa ajili ya nyama?" Limi aliuliza.

"Si kwa nyama. Viungo vya nguruwe vinakaribiana na vyetu kwa ukubwa na kwa kazi. Ukijaribu dawa kwa nguruwe wanaofanana, ni rahisi kujua kilichofanywa na dawa. Tena watafiti wanaweza kubadilisha maelekezo ya seli kwanza. Wanatafuta njia ya kumwekea mgonjwa figo ya nguruwe bila mwili wake kuikataa. Wagonjwa wachache sana wameshawekewa. Bado ni utafiti."

"Hilo la figo nitamuuliza shehe," alisema Maulidi.

"Muulize. Kuuliza ni jambo jema."

"Na nakala hiyo ingekuwa Madamu kabisa?" aliuliza Ndaki.

"Ingekuwa kama pacha wake aliyechelewa kuzaliwa. Je, mapacha wana tabia moja?"

Ndaki aliwakumbuka shangazi zake mapacha. Mmoja alikuwa mpole kama njiwa. Mwingine aliwahi kumkimbiza mwenyekiti wa kitongoji kwa mwiko.

"Hapana," alikubali.

"Basi wewe chagua binti bora wa Madamu. Mpandishe kwa dume mzuri asiye ndugu yake. Na ukitaka kumtia mnyama alama, niite nije na kifaa safi."

Ndivyo walivyofanya. Madamu alianza kula baada ya siku chache. Mwaka uliofuata binti yake alizaa watoto wenye afya, akawalea kwa uangalifu uleule. Lakini hayo yalikuja polepole. Jambo lisilongoja lilikuwa jina la Maulidi.

"Nguruwe amepata dawa," Maulidi alisema pale pale. "Na mimi?"

Ndaki alinawa mikono, akavaa shati la kanisani. Limi alimfuata. Walifika stendi wakati watu wanatoka kuswali Ijumaa. Ndaki alipanda juu ya kreti la soda kando ya jiko la mishkaki.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," waliitika.

Akaeleza yote: redio, sikio, tuta, hata kumwagilia. Walicheka, na kondakta mmoja akamwomba apande pia kwato. Ndaki aliwaacha wacheke. Alisubiri mpaka mzee Ahmad, fundi cherehani, akainua mkono watu wanyamaze.

"Kwa hiyo kisu cha Maulidi ni safi?" aliuliza mzee.

"Safi, mzee wangu. Mchafu ulikuwa ukimya wangu."

Mzee Ahmad alivuta kiti. "Maulidi, nichomee mitatu. Usisahau pilipili."

Maulidi alianza kupepea mkaa haraka haraka. Hakumtazama mtu, maana macho yalikuwa yamemlowa, na moshi ulikuwa bado haujaanza.

"Hujamaliza," Limi alimwambia mumewe. "Ahidi. Kwa sauti."

Ndaki alivua kofia.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema, "jambo nikilisikia nusu, nitauliza kabla ya kushika kisu. Na jirani yangu akisingiziwa kosa langu, sitakunywa hata uji kabla ya kusema ni mimi."