Silinda ya Tatu, Kuanzia Kulia

"Komba, uko wapi?"

Sauti ya mkuu wake ilikwaruza redioni. Jasusi Chirau Komba alizidi kukanyaga mafuta.

"Nimepita Gazi, Madam. Prado nyeupe iko mbele yangu."

"Boti ya Lewis inafika Shimoni saa tisa. Wenzako bado wanavuka kwa feri Likoni. Ni wewe tu."

"Nimekusoma."

Lewis, tajiri wa Galu mwenye pasipoti tatu, alikuwa na kilo arobaini za unga wa kulevya ndani ya ile Prado. Miaka miwili Chirau alikuwa akimwinda. Leo alimwona kisogo.

Ndipo Probox yake ikakohoa.

Ikakohoa tena. Usukani ukatetemeka, taa ya injini ikaanza kumwekamweka. Mwendo ulishuka kutoka mia na ishirini hadi hamsini, na Prado ikapotea konani.

Chirau aliegesha gari njia panda ya Msambweni, akawaarifu wenzake redioni. Alichomeka chini ya dashibodi kidude cha kupimia, kidogo kama kiberiti. Simu ikampa jibu: P0303. Silinda ya tatu haichomi.

Alifungua boneti. Moja, mbili, tatu. Akang'oa koili inayowasha plagi, akachungulia ndani. Kukavu. Plagi safi kabisa. Akairudisha, akawasha. Gari likatetemeka vilevile.

Saa nane na dakika kumi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji ya mabati. Chirau alisoma jina na namba ya simu vilivyopakwa rangi ukutani, akatamani ardhi immeze.

Abdulaziz.

Alilijua jina hilo kwa sababu aliliandika yeye katika ripoti. Miaka miwili nyuma, unga ulipatikana ndani ya tairi la akiba la gari lililoachwa katika gereji hiyo. Chirau aliandika: mfichaji ni fundi. Siku ya tatu walinasa simu ya Lewis, naye alisikika akicheka, "Wamemkamata fundi wangu masikini, hajui hata tairi lina nini." Chirau aliisikia sauti hiyo kwa masikio yake. Lakini barua ya pongezi ilikuwa imeshafika mezani, naye akanyamaza. Abdulaziz alikaa rumande miezi kumi na minne, kisha akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

"Fundi, gari linanisumbua, nina haraka!"

Mwanamume wa miaka hamsini hivi alitoka chini ya pikapu, akajifuta mikono taratibu.

"Salaam alekum kwanza."

Chirau aliona haya. "Alekum salaam. Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Haya, liwashe."

Injini ikinguruma, Abdulaziz alichomoa soketi za koili moja baada ya nyingine. Ya kwanza: injini ikayumba. Akairudisha. Ya pili: ikayumba. Ya tatu: mngurumo haukubadilika hata kidogo.

"Ni huyu. Umtoe, umwache, ni mamoja. Hafanyi kazi."

"Lakini ya tatu nimeshaifungua! Ni kavu."

"Ulianzia wapi kuhesabu?"

Chirau alionyesha. Kulia.

Abdulaziz alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe umesoma chuo cha Kurani, sivyo? Umehesabu kama msahafu, kulia kwenda kushoto! Injini hii huhesabiwa kuanzia kwenye mkanda, huku kushoto. Kidude chako hakikudanganya, kaka. Wewe ndiye uliyemfungua asiye na kosa."

Chirau hakucheka. Jasusi mzima, bastola kiunoni, alitazama viatu vyake kama mtoto aliyevunja mtungi.

Fundi aling'oa koili. Shimo la plagi lilikuwa limejaa maji.

"Uliosha injini?"

"Jana. Kwa mashine ya presha."

"Basi umejifanyia mwenyewe. Maji yameingia, cheche inakimbilia pembeni badala ya kwenda kwenye plagi."

Alikausha shimo kwa upepo wa kompresa, akafuta plagi, akabadilisha mpira wa koili uliopasuka. Akifanya kazi, alizungumza. Wateja walikuwa wachache siku hizi. Watu walimwita fundi wa unga. Mkewe, Mwanakombo, alirudi kwa baba yake Kwale mwezi ule ule mumewe alipokamatwa, wala hakurejea.

"Aliyeniandika, namwachia Mungu," akasema. "Washa."

Injini iliimba. Chirau alifungua mdomo aseme. Badala yake akatia gia. Aliondoka kwa kasi, akijichukia njia nzima.

Saa tisa kasoro dakika tano. Gati ya Shimoni.

Lewis alikuwa akipakia makasha ya barafu botini. Chirau alikingamisha Probox nyuma ya Prado, akashuka na bastola yake ya Glock mkononi.

"Ni pweza tu, bwana!"

Chirau alipiga teke kifuniko. Pweza. Chini ya pweza, pakiti za nailoni. Mkono wa Lewis ulianza kuteremka mfukoni.

"Uteremke zaidi, nami nitakulaza kwenye barafu pamoja nao."

Mikono ikapanda juu. Pingu zikalia.

"Madam, ninaye."

"Kazi safi, Komba! Walisema gari imekufa. Nani alikusaidia?"

"Abdulaziz wa Msambweni."

"Yule wa unga?"

"Hakuwa wa unga. Unarekodi, Madam Eunice? Rekodi. Siku ya tatu nilijua hana hatia. Nikaficha."

"Chirau, unajua hiyo ni kazi yako imeenda?"

"Najua."

Akazima redio. Wenzake walipofika aliwakabidhi Lewis, pakiti na Glock. Kisha akapiga simu kwa namba iliyopakwa rangi ukutani, ambayo hakuwa na haja ya kuiandika ili aikumbuke.

"Fundi, ni yule wa Probox. Aliyekuandika ni mimi. Nilijua hukufanya."

Upande wa pili kompresa ikazimwa.

"Mimi unaniambia nini?" Abdulaziz akasema. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kuwa sikufanya. Nenda Kwale ukamwambie Mwanakombo. Mbele ya baba yake."

Simu ikakatwa.

Chirau alivaa miwani yake ya jua, akatembea kwa madaha katikati ya askari waliompigia makofi. Hakuna aliyeona kwamba hakuwahi kuuogopa mlango wowote kama ule wa baba yake Mwanakombo, aliokuwa akiuendea Kwale.