Dawa Kwenye Ua wa Masale

Kila Ijumaa akitoka shule, Anande alimpelekea bibi yake, Bibi Kaanaeli, dawa za presha. Kutoka kwao Kimandolu hadi mlimani ni kupanda tu, na mvua ikinyesha udongo unang'ang'ania viatu. Akifika ale ndizi, ajibu habari za ukoo mzima, kisha awakatie ng'ombe majani. Jamani, alikuwa amechoka!

Ijumaa hiyo mwalimu aliwasimulia habari za droni, vindege visivyo na rubani vinavyopeleka mizigo.

"Zitafika lini majumbani kwetu, mwalimu?" Anande aliuliza upesi.

"Hapo sijui. Labda ukiwa mtu mzima."

Mtu mzima! Na miguu inauma leo.

Alipofika kwa Bibi hakuingia. "Droni haingii ndani," alijisemea. Akatundika mfuko kwenye ua wa masale, ile mimea ya majani marefu iliyozunguka nyumba, akaita mara moja, "Bibi, dawa!" Akashuka mbio.

"Bibi hajambo?" mama aliuliza.

"Hajambo," akajibu bila kumtazama.

Jumapili, baada ya ibada, jirani yake Bibi akapiga simu. Bibi alishikwa na kizunguzungu, akaanguka migombani. Dawa zilimwishia, na hakumwona mjukuu akija. Mfuko majirani walikuwa wameukuta uani, vidonge vimelowa mvua vikawa uji.

Mama alinunua dawa nyingine, wakapanda pamoja. Mama alitangulia bila kugeuka nyuma. Anande alitamani hata agombezwe.

Uani alichuma jani la isale. Kule mlimani, anayekuletea jani hilo anaomba msamaha, na hanyimwi. Bibi alikuwa amelala, paji la uso limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe. Nilitundika dawa kama droni, kile kindege cha mizigo alichotusimulia mwalimu, nikakimbia, na mama nikamdanganya."

"Marahaba." Bibi akalipokea jani. "Yamekwisha. Kwani umechoka, mjukuu wangu?"

"Nimechoka sana, Bibi." Machozi yakamtoka.

"Basi sema umechoka. Kuchoka si kosa. Kosa ni kusema umefika na hujafika. Hiyo droni yenu ije, hata mimi naingoja. Lakini ikishadondosha dawa, nani ataangalia kama nimemeza?"

"Tutapokezana," mama alisema. "Ijumaa ijayo napanda mimi." Akachukua panga, akaenda kuwakatia ng'ombe majani akiwa bado na nguo zake za ibada.

Anande akaleta maji. Akampa Bibi kidonge, akakaa chini, akangoja mpaka Bibi akakimeza.