Kipkoech Ainua Pikapu

Kipkoech hakuwa na ng'ombe wa gredi kama majirani zake. Hakuwa na taa ya stima wala maji ya bomba. Hakuwa na baba wa kumwuliza neno. Shamba lake la chai halikufika ekari moja. Hakuwa na mtoto. Hata usingizi hakuwa nao, maana kila alipofumba macho aliona matope.

Alichokuwa nacho ni pikapu kuukuu, ya aina ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Malori yaliposhindwa na barabara, yeye ndiye aliyebeba majani mabichi ya chai ya majirani kutoka kituo cha kununulia hadi kiwandani. Kijiji chake kiko upande wa Roret. Huko, mvua ikinyesha, malori na matrekta huchimba mifereji miwili barabarani. Katikati hubaki tuta la udongo. Gari fupi, lisiloinuka juu ya ardhi, likipita hapo, tumbo lake hukaa juu ya tuta na magurudumu huzunguka bure.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka wa 1997, wakati wa mvua kubwa. Rebeccah, mke wa Kipkoech, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Walipokuwa njiani kwenda hospitali, pikapu ilikaa juu ya tuta. Mtoto alizaliwa mle garini. Hakulia.

Nyumbani, wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa tayari. Ni desturi yao kuita majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina linaloitwa wakati huo ndilo lake. Siku hiyo hawakuita jina lolote.

"Gari lilikuwa fupi," Kipkoech alijiambia kila siku. "Lingekuwa refu, mtoto wangu angekuwa hai."

Mwaka uliofuata Rebeccah alipata mimba tena. Kipkoech akapeleka pikapu Londiani kwa fundi aliyeitwa Ogeto. Ogeto aliondoa vyuma vifupi vinavyoshika ncha za springi kwenye chasi, akafunga virefu. Kisha Kipkoech akatoa matairi manne makubwa. Yalikuwa yametoka kwenye trela ya kubebea majani ya chai.

"Sijawahi kuona trela imekwama," alisema. "Nataka gari yangu iwe hivyo."

"Haya, mzee," Ogeto alijibu. "Mimi nafunga. Kuendesha ni wewe."

Pikapu ilirudi nyumbani ikiwa juu. Ilipita juu ya tuta bila kugusa udongo. Majirani walisifu. Lakini kwenye barabara ya lami mambo yalikuwa mengine. Pikapu ilitangatanga kama ng'ombe asiyetaka kwenda sokoni. Kipkoech alipokata kona, usukani haukurudi wenyewe. Kwenye mashimo ulitetemeka mpaka mikono yake ikafa ganzi.

Tena kulikuwa na mzigo. Majani ya chai hayalundikwi. Yakilundikwa hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo Kipkoech alikuwa amefunga vyuma virefu juu ya bodi, akaning'iniza magunia kwa ndoano, kama malori ya kiwanda. Sasa magunia yale yalibembea juu kabisa.

Rafiki yake Lazarus, karani wa kupima majani, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alipanda naye siku moja.

"Kipkoech, wewe umeokoka, lakini gari yako bado inalewa."

"Ni barabara mbaya."

"Hii ni lami, ndugu yangu. Nani amelima lami?"

Kipkoech hakucheka. Alijaza matairi upepo mwingi zaidi, akidhani yatatulia. Kutetemeka kukazidi.

Mimba ya Rebeccah ilipofika miezi saba, walikwenda kliniki. Lazarus alikuwa nyuma na magunia. Walipokuwa wakiteremka mlima, gurudumu la mbele liligonga shimo. Usukani ukaanza kucheza kushoto na kulia. Kipkoech alikanyaga breki. Mguu ulishuka sana kabla breki haijashika. Pikapu ilivuka barabara, ikaingia kwenye chai ya watu, ikavunja miche safu nzima, ikasimama.

Hakuna aliyeumia. Magunia tu ndiyo yaliyoendelea kubembea.

Rebeccah alishuka, akashika tumbo lake.

"Gari ile fupi ilikataa kwenda," alisema. "Hii imekataa kusimama. Sasa mimi nipande gani?"

Alirudi nyumbani kwa miguu. Asubuhi alifunga nguo zake.

"Nakwenda kwa mama, Kipkelion," alisema. "Huko naweza kufika hospitali kwa miguu."

"Na majina? Nani ataita wazee wetu kule?"

"Mtoto akilia, mwite hata Jumatano. Mimi nataka alie tu."

Kipkoech alibaki peke yake. Hakuwasha gari. Majani ya majirani yalinyauka kituoni, nao walianza kumnung'unikia. Aliwaza kuuza pikapu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aliona kwamba kila alichogusa kiliharibika.

Lazarus alikuja kumtazama.

"Pale polytechnic ya kijiji kuna mwalimu wa ufundi wa magari. Anaitwa Nyamoita."

"Mwanamke?"

"Wewe unatafuta fundi ama unatafuta shemeji?"

Nyamoita alikuja kesho yake amevaa ovaroli. Hakufungua kisanduku cha spana. Kwanza aliuliza maswali. Gari inatetemeka wakati gani? Ilianza kabla ya kuinuliwa ama baada? Kisha akapima upepo wa matairi.

"Fundi mzuri anaanza na upepo kabla ya spana," alisema. "Upepo huu umezidi. Haya, Baba, kaa ndani, chezesha usukani kidogo kidogo."

Kipkoech alichezesha. Nyamoita alilala chini juu ya gunia, akashika viungo vya usukani kimoja kimoja.

"Kiungo hiki kimelegea. Kilikuwa kimelegea zamani, lakini matairi madogo yalikivumilia. Haya makubwa ni mazito, yanakipiga kila shimo. Yalitoka wapi?"

"Kwa trela."

"Trela haina usukani, Baba. Haikimbii. Inafuata trekta tu, polepole. Matairi yake hayakutengenezwa kwa mwendo wa gari. Tena saa yako ya mwendo bado inahesabu matairi ya zamani. Ikisema hamsini, wewe uko karibu sitini."

"Na kutangatanga?"

"Umewahi kuendesha baisikeli umeachilia mikono?"

"Nikiwa kijana."

"Ilikwenda sawa kwa sababu uma wake wa mbele umelala nyuma kidogo. Ukisimamisha ule uma wima, baisikeli inakuangusha. Gari ni hivyo hivyo. Hivi vyuma virefu vimesukuma ncha ya springi chini. Ekseli inayobeba magurudumu imezunguka, imeinama mbele. Gurudumu halijui tena kurudi katikati."

Kisha akamwambia akate usukani mpaka mwisho. Tairi liligusa paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki. Nyamoita aliita Kipkoech aone. Paipu ilikuwa imevutwa sana, kwa sababu ekseli sasa ilikuwa mbali na chasi. Upande mmoja ilikuwa imesagwa na tairi mpaka nyuzi zake zikaonekana. Mafuta yalikuwa yanatoka kama jasho.

Kipkoech aliigusa kwa kidole. Kisha akaketi juu ya jiwe.

"Mke wangu alikuwa ndani," alisema. "Mmoja nilimwua kwa kukwama. Nilikuwa naenda kuua wawili kwa kukataa kukwama."

Nyamoita alifuta mikono.

"Mimi si padri," alisema. "Lakini nisikilize. Gari hata likiwa refu kama twiga si la kungojea uchungu. Mama anayeishi mbali asogee karibu na hospitali mapema, kabla ya siku zake. Mke wako amefanya hivyo. Yeye ndiye fundi katika nyumba hii."

Walifanya kazi wiki ile. Waliondoa vyuma virefu na kurudisha vya zamani. Walibadilisha kiungo kilicholegea na paipu za breki, wakatoa hewa kwenye breki. Matairi ya trela yaliuzwa, wakanunua ya kipimo kilichoandikwa kwa gari lile, yenye meno ya matope. Yalipimwa uzito mjini Kericho ili yazunguke sawa, na magurudumu ya mbele yakanyooshwa. Vyuma vya kuning'inizia magunia vilikatwa vikawa vifupi. Kila gunia lilifungwa kamba pia chini, lisibembee.

"Ukitaka kuinua gari siku nyingine," Nyamoita alisema, "inua kidogo. Weka kabari ya chuma ya kurudisha ekseli mahali pake, na paipu ndefu za breki. Kisha ijaribu polepole bila mtu ndani."

"Na matope je?"

"Matope ni ugonjwa wa barabara. Kwa nini unatibu gari?"

Jumamosi, Kipkoech alichukua jembe akaanza kukata tuta. Alikata peke yake mpaka jua likawa kali. Hakutazamia mtu. Lazarus alikuja, kisha akaja jirani mmoja, na mwingine na toroli ya mawe. Hawakumsamehe kwa maneno. Walijaza mifereji tu. Kwa siku za mvua, alinunua pia minyororo ya kuvalisha matairi.

Nyamoita alikaa naye walipojaribu gari kwenye mteremko ule ule. Kipkoech alishika usukani kwa vidole tu. Pikapu ilikwenda sawa. Alikata kona, usukani ukarudi wenyewe. Alikanyaga breki kando ya safu ya miche iliyovunjika, gari likasimama hapo hapo. Hakufurahi kama alivyodhani. Alilia kidogo, na Nyamoita akatazama dirishani.

Jioni alichukua karatasi akaandika:

"Rebeccah, gari limerudi chini. Linashika njia na linasimama. Sikuambii urudi. Ulifanya vizuri, kaa hapo karibu na hospitali. Mtoto akilia, nitumie habari. Nitawaleta mama yangu na shangazi kwa pikapu hii, polepole, waje kuita majina hapo kwa mama yako, kama mtakubali. Ukiona hutaki kupanda wakati wa kurudi, nitatembea na wewe. Asipolia pia nitumie habari. Nitakuja. Ni mimi, Kipkoech."

Aliisoma mara moja. Hakuongeza neno. Aliikunja, akaitia katika bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Asubuhi alimpa dereva wa basi la Kipkelion mkononi, akasimama kando ya barabara mpaka basi likaondoka.