Picha Kumi na Mbili za Hewa

Kila Jumamosi, nikishafua sare zangu, nilikaa na Babu sebuleni tukisafisha kamera yake ya filamu. Alikuwa mpiga picha maisha yake yote, ila sasa macho yalikuwa yamefifia, basi akanifundisha mimi. Kamera yenyewe ilikuwa kaidi. Pete ya lenzi ilikuwa ngumu, na mkono wa kusogezea filamu ulitaka kuvutwa mpaka mwisho.

"Ukivuta, tazama kitufe cha kushoto," Babu alinikumbusha kila mara. "Kisipozunguka, filamu haijanasa."

Siku watoto wake wote walipokusanyika, mara ya kwanza baada ya miaka tisa, nilikabidhiwa kamera. Kwa kujidai nikaweka filamu mwenyewe, harakaharaka. Bibi aliketi katikati, wengine wakamzunguka. Nikapiga picha kumi na mbili.

Watu wakaanza kutawanyika. Shangazi, aliyekuwa anasafiri mchana huohuo, alishafunga begi. Hapo ndipo nilipokumbuka kitufe. Nikavuta mkono. Hakikutikisika! Ningeweza kunyamaza, halafu nikasingizia filamu mbovu. Nani angejua?

Bibi akapita akinitania, "Picha yangu utaniletea lini, mke mwenzangu?"

Nikashindwa kumtazama usoni. "Babu," nikasema, "kitufe hakizunguki. Sikukitazama tangu mwanzo."

Babu akakigusa kwa kidole, akaniambia nivute tena. Kisha akapaza sauti, "Jamani, rudini! Mmepigwa hewa!"

"Yaani tumbo nimelibana bure?" Baba Mdogo alilalamika, akivaa tai upya.

Nikafungua kamera, nikanasisha ncha ya filamu taratibu. Nilipovuta mkono, kitufe kikazunguka. Bibi alikuwa ameshavua viatu vilivyombana, akakataa katakata kuvivaa. Akaketi pekupeku, viatu mkononi, akicheka.

Baadaye nilimwomba Babu radhi.

"Mimi niliwahi kupiga harusi nzima hivyohivyo," akasema. "Nikaona kitufe hakizunguki, nikanyamaza, nikasingizia filamu. Maharusi wale hawana picha hata moja, na nikikutana nao njiani bado naona aibu. Kila mtu hukosea, mjukuu wangu. Ila ukishaona kosa lako, liseme watu wakiwa bado hapo."

Bibi hayupo tena, nami namkumbuka sana. Picha zake nyingine zote amekaza uso. Hiyo ya viatu mkononi ndiyo pekee tuliyo nayo akicheka.