Waya Alizozisokota Mwaringa

Mwaringa na mkewe Mapenzi waliishi Gede, nyuma ya maduka ya barabarani. Walikuwa na nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Binti yao, Pamela, alikuwa gredi ya sita. Kando ya nyumba hiyo palikuwa na nyumba ndogo ya udongo, imeezekwa makuti. Humo aliishi Kadii, mama yake Mwaringa.

Kadii alikuwa mzee. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Jua likishazama, mimi ni kipofu," alimwambia mwanawe. "Nyinyi mna umeme. Mimi napapasa kuta."

Maneno hayo yalimwingia Mwaringa. Alikuwa mkulima, hakuwa fundi wa umeme, lakini aliwahi kuwatazama mafundi wakifanya kazi. Akanunua waya wa kutoka nyumba kubwa hadi kwa mama yake. Waya ukawa mfupi. Akatafuta kipande kingine cha zamani. Akamenya ncha za waya hizo kwa kisu, akazisokota pamoja kwa vidole, akazizungushia tepu nyeusi. Kisha akakichomeka kiungo hicho juu ya boriti, chini ya makuti.

Taa ikawaka. Kadii akapiga kigelegele peke yake chumbani.

"Njooni hapa karibu," alisema. "Leo nawaona nyuso zenu."

Kwa muda mrefu hakukuwa na tatizo. Balbu ilikuwa moja tu, nayo ndogo.

Kisha dada yake Mapenzi, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Watamu, aliwapa friji kuukuu. Nyumba kubwa haikuwa na nafasi. Wakaiweka chumbani kwa Kadii, na Mwaringa akaiunga kwenye waya uleule wa taa. Mapenzi akaanza kugandisha maji ya ukwaju na kuyauza stendi ya Gede. Watoto wa shule waliyapenda. Kadii naye alifurahi, kwa sababu kila aliyekuja kuchukua barafu alikaa naye kidogo wakazungumza.

Siku moja Kadii alimwambia mjukuu wake, "Taa yenu hii yanikonyeza."

"Inakukonyeza vipi, hawe?" Pamela alimuuliza bibi yake.

"Friji ikinguruma, taa yafumba jicho. Kisha yafumbua."

Wote walicheka. Baadaye Mapenzi alisikia harufu chumbani, kama ya plastiki inayoungua. Alidhani jirani anachoma taka. Harufu iliporudi, alimwambia mumewe. Mwaringa alipanda juu ya kiti, akapapasa kiungo, akakiona ni cha moto. Tepu ilikuwa imelegea. Akaongeza tepu nyingine juu ya ile ya zamani.

"Sasa imekaza," alisema.

Haikuwa imekaza. Alichofanya ni kuificha hatari.

Moto ulitokea mchana, wakati wa joto la kaskazi. Makuti yalikuwa makavu kabisa. Mapenzi alikuwa stendi na ndoo yake ya barafu. Pamela alikuwa shule. Mwaringa alikuwa shambani akipalilia mihogo. Kadii alikuwa amekula, amejinyoosha kitandani kama kawaida yake.

Mwaringa aliona moshi. Mwanzoni hakujua ni kwake. Alipojua, alitupa jembe akakimbia.

Alikuta watu wamejaa uani. Jirani yao Mwambire na wenzake walikuwa wakimwaga maji, mmoja akapigwa na umeme akaanguka chini, lakini akainuka. Katika kelele zile, hakuna aliyekuwa amekumbuka kuzima swichi kuu. Paa lilikuwa limeshaporomoka nusu. Mwambire alikuwa ameingia na kumtoa Kadii akiwa amemzungushia blanketi lililolowa maji.

"Mama," Mwaringa aliita. "Mama, ni mimi."

Kadii alifungua macho. "Mtoto yuko wapi?" aliuliza. Alimaanisha Pamela.

"Yuko shule, mama. Yuko salama."

"Haya," alisema Kadii.

Walimpeleka hospitali Malindi. Kabla jua halijatua, Kadii alifariki.

Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la mumewe. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Matanga yalipokwisha, Mwaringa alikwenda kwenye mita, akazima swichi kuu. Akaifunga kwa kamba ili mtu asiiwashe.

"Umeme umemuua mama yangu," alisema. "Hautaingia tena hapa."

Mapenzi akatafuta koroboi.

Ndipo alipokuja Zuleikha binti Taib. Kwao palikuwa papo hapo Gede, upande wa msikiti. Alikuwa fundi wa umeme mwenye leseni, na alifundisha kazi hiyo katika chuo cha ufundi Malindi. Wakati wa mazishi alikuwa safarini.

"Makiwa, kaka Mwaringa," alisema. "Makiwa, mama Pamela. Mwenyezi Mungu awape subira."

"Ahsante, Bi Zuleikha," Mapenzi alijibu. Akamwekea kiti.

Zuleikha aliketi. Kisha Mwaringa akasema, "Wewe ni mtu wa umeme. Niambie. Kwa nini umeme ulimchagua mama?"

"Naweza kupaona mahali penyewe?"

Walikwenda penye majivu. Zuleikha alichutama, akachambua polepole kwa kijiti. Akaokota kipande cha waya. Shaba yake ilikuwa imeyeyuka na kufanya tone, kama shanga.

"Hapa palikuwa na kiungo," alisema. "Nani aliunga?"

"Mimi."

Zuleikha alikigeuza kipande kile mkononi. Mwaringa alimtazama usoni.

"Sema," alisema. "Usinifiche kwa sababu nimefiwa."

"Moto ulianzia hapa, kaka."

Mwaringa alikaa chini, palepale kwenye majivu. Mapenzi akamshika bega.

"Nilisokota nikakaza," alisema. "Nikazungusha tepu. Kila mtu hapa anafanya hivyo."

"Ni kweli, wengi wanafanya hivyo. Sikiliza nikueleze. Umeme unataka njia iliyobana. Waya mbili zikigusana vizuri, unapita bila shida. Zikilegea, zinagusana kwa sehemu ndogo tu, na pale panakuwa na joto. Vidole haviwezi kukaza waya ukakaa miaka. Unapata joto, unatanuka. Unapoa, unarudi. Kila siku unalegea kidogo."

"Na tepu?" Mapenzi aliuliza.

"Tepu haishiki waya, mama Pamela. Inafunika tu. Joto likizidi, gundi yake inayeyuka."

"Lakini taa ilikaa muda mrefu bila kuharibika."

"Taa inakula umeme kidogo. Friji inakula mwingi zaidi, hasa inapoanza kunguruma. Kiungo kibovu kinaweza kubeba taa. Friji kinashindwa, kinapata moto."

Mapenzi alianza kulia. "Mama alituambia," alisema. "Alisema taa inamkonyeza. Tukacheka."

Zuleikha hakuwaambia kwamba hawana kosa. Alisema tu, "Hamkujua kwamba ile ni dalili." Alikaa nao mpaka alasiri, kisha akaaga.

Mwaringa hakubadilisha msimamo. Kamba ilibaki kwenye swichi. Alizungumza kidogo, alikula kidogo. Watu wakipita na kumsalimu, aliitikia bila kuinua kichwa. Mapenzi aliacha biashara ya barafu, kwani friji yenyewe ilikuwa imebaki kipande cha bati jeusi.

Pamela alisoma kwa koroboi. Jioni moja alikuwa ameiweka juu ya mkeka, kando ya kitabu. Akasinzia. Kiwiko chake kikaigusa, ikaanguka, mafuta yakamwagika. Mwali ukakimbia juu ya mkeka.

Mapenzi alimvuta mtoto kwa mkono, Mwaringa akamwaga mchanga wa kwenye karai la jikoni. Moto ukazimika. Ukingo wa sare ya shule ulikuwa umeungua, lakini mguu wa Pamela haukuguswa.

Mapenzi alisimama katikati ya chumba. "Baba Pamela," alisema, "umeufungia umeme nje. Moto tunao humu ndani. Wamtaka na huyu?"

Hakuwa amewahi kusema naye hivyo. Mwaringa aliutazama mkeka. Asubuhi yake alikwenda kwao Zuleikha.

"Njoo utufanyie kazi," alisema. "Lakini nataka nione kila kitu kwa macho yangu."

"Utaona," Zuleikha alijibu. "Ila kuona hakukufanyi kuwa fundi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kwa msaada wa jamaa, Mwaringa alikwisha kuanza kuijenga upya nyumba ya mama yake, safari hii kwa matofali na mabati. Mapenzi alitaka Pamela alale humo. Zuleikha alikuja na mkoba wake.

Kwanza alihakikisha swichi kuu imezimwa. Kamba akaiacha palepale.

"Kamba hii ni nzuri," alisema. "Inamzuia mtu asiwashe wakati mwenzake yuko juu anafanya kazi."

Hata hivyo hakuiamini swichi peke yake. Alizipima waya zote kwa kipimo chake, mmoja mmoja, kuona kama zina umeme. Ndipo alipozigusa.

Akatoa kitu kidogo cheupe cha plastiki, chenye matundu yaliyopangwa mfululizo.

"Hii yaitwa konekta," alisema. "Tazama ndani. Kila tundu lina mrija mdogo wa shaba, na kila mrija una skrubu mbili juu yake. Waya huu unaingia upande huu. Ule unaingia upande ule. Kila mmoja unabanwa na skrubu yake."

Mwaringa aliishika. Ilikuwa nyepesi mno. "Kidude hiki?" alisema. "Kidude hiki tu?"

"Hiki tu, kaka. Lakini kiwe cha saizi ya waya wako. Kikiwa kidogo kwa kazi kubwa, nacho kitaungua."

Alimenya waya kwa koleo la kumenyea, kipande kifupi kama ukucha.

"Ukimenya sana, shaba itabaki nje ya konekta, imtoe mtu roho. Ukimenya kidogo mno, skrubu itabana plastiki ya waya badala ya shaba. Inaonekana imekaza, kumbe haijashika. Na kama waya ni wa nyuzi nyingi nyembamba, zikusanye pamoja vizuri. Usiache hata uzi mmoja nje."

Akaingiza waya wa kahawia upande mmoja, na wa kahawia mwingine upande wa pili. Akakaza kwa bisibisi. Bluu akaunga na bluu. Waya wa kijani wenye mistari ya manjano akauunga na mwenzake.

"Huu wa kijani na manjano watu wengi wanaukata na kuutupa," alisema. "Wanadhani hauna kazi. Huu unakwenda ardhini. Kitu kikiharibika, umeme unapita huku badala ya kupita mwilini mwako. Sasa vuta."

"Nivute?"

"Vuta kila waya, mmoja mmoja. Kazi bila kuvuta haijakwisha."

Mwaringa alivuta. Waya wa kwanza haukusogea. Wa pili haukusogea. Aliendelea kuvuta hata pale Zuleikha aliposema inatosha. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta.

Zuleikha alimngoja. Kisha akaiweka konekta ndani ya kisanduku cha plastiki kilichopigiliwa ukutani, mahali panapofikika, akabana waya ili zisivutwe, akafunga kifuniko.

"Usikifiche kiungo juu ya dari au chini ya makuti," alisema. "Kiwe ndani ya kisanduku, na mtu aweze kukifungua kukikagua. Na siku mkipata friji nyingine, msiiunge kwenye waya wa taa. Niiteni. Nitaivutia waya wake mnene, pamoja na breka yake ya kukata umeme."

Mwaringa mwenyewe alifungua ile kamba. Taa ikawaka. Mapenzi alisimama mlangoni. Hakupiga kigelegele. Alisema, "Haikonyezi."

"Ikikonyeza hata mara moja," Zuleikha alisema, "au mkisikia harufu, au swichi ikiwa na joto, zimeni swichi kuu. Kisha muite fundi. Msingoje kesho."

Pamela alihamia katika chumba hicho. Alama zake shuleni zilipanda, na kikohozi cha moshi wa koroboi kikamwacha. Mapenzi alirudi kuuza stendi, safari hii mihogo ya kukaanga. Lakini Mwaringa alikuwa bado mtu wa huzuni. Kitu kimoja tu kilimfanya atoke nyumbani. Alipita kwa majirani akiwauliza jinsi waya zao zilivyoungwa.

Mwambire, yule aliyemtoa Kadii motoni, alimcheka kidogo. "Kwangu hakuna shida, ndugu yangu. Taa zawaka vizuri."

"Na pampu ya maji je? Umeiunga wapi?"

"Kwenye waya wa taa ya mama. Ndio ulio karibu."

Mwaringa hakungoja. Alimleta Zuleikha siku hiyohiyo. Swichi kuu ilizimwa, waya zikapimwa, Zuleikha akapanda ngazi akafungua ubao wa dari. Alikikagua kiungo kilichokuwa huko juu.

"Mwambire," aliita. "Njoo utazame."

Mwambire alipanda. Tepu ilikuwa imeyeyuka, inaning'inia. Shaba ilikuwa wazi. Ubao chini yake ulikuwa mweusi, umeliwa na joto kwa kina cha kidole. Alishuka taratibu, uso umembadilika rangi.

Kitandani, chini kabisa ya mahali pale, alikuwa ameketi mama yake Mwambire akisuka ukili wa mkeka.

"Wanangu," alisema, "mwatafuta nini huko juu?"

Mwambire alimgeukia Mwaringa.

"Twatengeneza taa yako, mama," Mwaringa alimjibu. "Inuka ukae nje kidogo, vumbi lisikuingie machoni."

Alimshika mkono, akamwongoza hadi kivulini, akamwekea kiti. Mama yule alimshukuru, akaendelea kusuka. Mwaringa alichutama kando yake, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. Mama wa watu alimwekea kiganja kichwani.

Kutoka ndani Zuleikha aliita apelekewe konekta. Mwaringa akainuka, akajifuta uso kwa shati, akaingia kumshikia ngazi.